Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa watoto mpaka ukaonekana kirusi

Wasikilizaji wetu wa Somanda na vijiji vinavyoizunguka Bariadi, wengi wenu mmewahi kuuona uvimbe huu, hata kama jina lake la kitabibu hamlijui. Mtoto wa miaka mitano au saba, juzi tu alikuwa anachunga mbuzi na wenzake, leo anasema jino la nyuma linacheza. Mama anaona ni kawaida, maana umri wenyewe ndio wa kung'oka meno. Baada ya siku chache shavu limejaa. Wiki inayofuata jicho limeanza kusukumwa nje. Mmoja anasema ni jipu la jino, mwingine anasema mtoto ametupiwa kitu, na wakati watu wanabishana siku zinakwenda.

Siku ndizo zenye thamani kubwa hapa. Ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt, na ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazompata binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini pia ni saratani ambayo, mtoto akifikishwa hospitali mapema, dawa huishambulia vizuri na watoto wengi hupona. Tumeulizwa mara kadhaa Burkitt ni nani au ni nini. Ni mtu. Alikuwa mpasuaji, alifanya kazi Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, na leo tunasimulia maisha yake.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara wa jimbo, na jioni baada ya kazi alikuwa na shughuli nyingine iliyowashangaza majirani: alikuwa akiwatega ndege wadogo wa bustanini, anawafunga pete miguuni, anawaachia, kisha anachora ramani kuonyesha kila ndege anatawala eneo gani. Wataalamu wa ndege wanamheshimu mpaka leo kwa kazi ile. Mkumbuke baba huyu na ramani zake, kwa sababu mtoto alikuja kufanya jambo lile lile kwa ugonjwa.

Alipokuwa na miaka 11, watoto wa shule walikuwa wanarushiana mawe. Jiwe moja likampiga Denis usoni, miwani ikavunjika, na vipande vikaharibu jicho la kulia. Madaktari walilitoa. Tangu hapo aliishi na jicho moja, na la pili la kioo.

Alipofika Chuo cha Trinity mjini Dublin mwaka 1929 alianza na uhandisi kama baba yake, lakini akahama kwenda udaktari. Alikuwa mtu wa dini sana na aliamini kazi hiyo ni wito. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji Edinburgh. Kisha akaomba kazi katika utumishi wa makoloni ya Afrika Magharibi. Wakamkataa. Sababu ilikuwa jicho.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Jeshi la Uingereza lilihitaji wapasuaji na halikujali sana macho. Akiwa mwanajeshi alifanya kazi Kenya na Somaliland, akapata nafasi ya kuitembelea Uganda, na akaipenda. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, wakaja kupata mabinti watatu. Mwaka 1946 akaomba tena utumishi wa kikoloni, safari hii Uganda, na akakubaliwa.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko alikuta kazi nyingi ya kupasua mabusha. Wapasuaji wengine wangepasua na kwenda kulala. Burkitt yeye akaanza kuuliza kila mgonjwa ametoka kijiji gani, akaona kwamba wenye mabusha walikuwa wengi sana upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi walikuwa wachache mno. Akafuatilia, akaona jambo hilo linakwenda sambamba na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ile ile inayoleta matende. Aliandika matokeo hayo katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1951. Haikuwa habari kubwa duniani, lakini tabia yake ya kuuliza mtu anatoka wapi ilikwisha kuonekana.

Mwaka 1948 alikuwa amehamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Watoto wawili

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na uvimbe pande zote nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Jipu halikai pande nne kwa mpigo, na saratani aliyoijua nayo haianzi hivyo. Hakuwa na jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja. Akatupa macho dirishani, akamwona mama ameketi kwenye majani na mtoto wake, na uso wa mtoto umevimba. Akatoka nje haraka. Uvimbe ulikuwa ule ule, pande nne. Na alipompapasa mtoto tumboni akakuta uvimbe mwingine ndani.

Sisi tunaamini hapo ndipo kila kitu kilipoanza. Mtoto mmoja ungeweza kusema ni ajabu tu ya Mungu. Wawili wenye uvimbe unaofanana, katika miji miwili, hapo lazima kuna jambo. Burkitt alirudi Mulago akaanza kupekua mafaili ya zamani. Akaona kwamba madaktari walikuwa wameandika saratani ya taya, ya jicho, ya figo, ya ini na ya ovari kwa watoto mbalimbali, kila moja kwa jina lake, wakati mara nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja umejitokeza sehemu tofauti. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38.

Haki yasemwe: hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook, daktari mmisionari wa Mengo, alikuwa amechora watoto wenye taya kama hizo miaka mingi kabla, mwanzoni mwa karne. Wataalamu wa maabara wa Kampala nao walikuwa wakihesabu saratani za watoto, na mmoja wao, Gregory O'Conor, ndiye aliyebainisha chini ya hadubini kwamba ugonjwa huu ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za kinga. Na akina mama wa vijijini walikuwa wameuona muda wote. Alichofanya Burkitt ni kuunganisha vipande.

Gari kuukuu, maili 10,000

Sasa likaja lile swali lake: wanatoka wapi? Alituma vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona kitu hiki. Majibu yakarudi, akawa anayachomeka kwenye ramani ukutani. Ukajitokeza mkanda mpana unaokatiza katikati ya Afrika, kutoka magharibi mpaka mashariki, na mkia unaoteremka upande wa mashariki kuelekea kusini. Kwa nini mkanda uishie pale unapoishia? Hilo barua hazikuweza kumwambia.

Akaamua kwenda mwenyewe. Alinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250 na kuondoka Kampala tarehe 7 Oktoba 1961 pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alitoka hospitali ya misheni ya Kuluva, West Nile, na alikuwa fundi mzuri wa magari, jambo ambalo katika barabara za wakati ule huenda lilikuwa muhimu kuliko shahada. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000, ambazo ni kama kilomita 16,000, mpaka Afrika Kusini na kurudi. Walipita Tanganyika, na katika wiki zile zile za safari yao nchi yetu ikapata uhuru, tarehe 9 Desemba.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Wanafika hospitali ya misheni au ya serikali, wanatoa picha, wanauliza: huwa mnawaona watoto hawa? Mahali pengine daktari alijibu mara moja na kuwapeleka wodini. Mahali pengine, hasa kwenye milima yenye baridi, daktari aliyekaa miaka mingi alitikisa kichwa.

Mwanzoni Burkitt alidhani siri ni mwinuko, kwa sababu Afrika Mashariki ugonjwa ulikoma kwenye futi kama 5,000, yaani mita 1,500. Lakini kadiri ulivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, mmoja wa waliogundua kirusi cha Zika katika msitu wa Uganda mwaka 1947, alimsaidia kuona kwamba mpaka wa kweli ni joto, si urefu wa mlima. Ugonjwa ulikuwepo mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 16 na mvua inazidi milimita 500 kwa mwaka. Ukiweka mkoa wetu wa Simiyu kwenye kipimo hicho, tumo ndani. Sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa imo ndani.

Joto na mvua vinampa nani maisha? Mbu. Ramani ya uvimbe ililingana na ramani ya maeneo yenye malaria kali ya mwaka mzima. Burkitt na wenzake wakaanza kudhani kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Dhana hiyo ilikuwa na kosa ndani yake, kama tutakavyoona, lakini iliwapeleka mahali sahihi.

Kukiona kirusi

Miezi kadhaa kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa likizo Uingereza na akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti kijana aliyekuwa anachunguza kirusi kinacholeta saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba kuna saratani ya watoto inayofuata mvua na joto, hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Wakakubaliana Kampala iwe inatuma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi London.

Hapa tusimame kidogo tueleze chombo chenyewe. Hadubini ya kawaida, ile ambayo mhudumu wa maabara anaitumia kuangalia vijidudu vya malaria kwenye damu yako, hutumia mwanga. Kirusi ni kidogo kupita uwezo wa mwanga huo. Virusi vya aina tunayoizungumzia, ukivipanga mstari mmoja, vinaingia zaidi ya 5,000 ndani ya milimita moja. Ndiyo maana ilihitajika hadubini ya elektroni, ambayo badala ya mwanga hutumia mionzi ya chembe za umeme. Lakini ina masharti. Lazima ukikate kipande cha nyama kiwe chembamba kupindukia, ukikaushe, ukitie dawa za kukipa rangi, na mionzi yenyewe inaweza kukiunguza wakati unakitazama.

Kwa takriban miaka miwili Epstein alitazama vipande kutoka Kampala na hakuona kirusi chochote. Mtu mwingine angekata tamaa, na fedha za utafiti hazikuwa za kumwagika.

Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kingine ilikuta ukungu London, ikalazimika kutua Manchester. Mzigo ulipomfikia Epstein umechelewa, maji ya kwenye kichupa yalikuwa yamechafuka kama maji ya mchele. Kawaida ungesema vimeingia bakteria, ukatupa. Yeye akachukua tone akaliweka kwenye hadubini ya kawaida. Hazikuwa bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe, zimejitenga na kipande wakati wa safari, zinaelea, na ziko hai. Hapo akapata wazo la kuziotesha zikiwa zinaelea kwenye maji, na kwa msaada wa Yvonne Barr zikaota na kuongezeka maabara.

Tarehe 24 Februari 1964 seli hizo ziliwekwa kwenye hadubini ya elektroni. Katika duara la kwanza alilolitazama Epstein, kirusi kilikuwepo. Aliogopa mionzi isije ikakiunguza, akazima mashine, akatoka nje bila koti na kuzunguka mitaani kwenye theluji mpaka alipotulia. Kisha akarudi, akawasha, akakuta bado kipo. Alikitambua kuwa ni cha jamii ya virusi vya malengelenge, lakini aina mpya. Taarifa ilitoka katika Lancet tarehe 28 Machi 1964, ikiwa na majina matatu: Epstein, Achong na Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa hadubini pamoja na Epstein. Kirusi leo kinaitwa Epstein-Barr. Achong aliachwa nje ya jina, na mtoto wa Uganda ambaye seli zake ndizo zilizoleta yote hayo naye hayumo. Sisi hilo tunaliona ni deni.

Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani kwa binadamu. Na sasa lile kosa: mbu hawakibebi. Kinapita kwenye mate, na karibu watu wote duniani wanacho, wewe msomaji na sisi tunaoandika, wengi wetu bila kuumwa chochote. Mbu wanaingia kwa njia nyingine, yaani malaria. Mtoto anayeugua malaria tena na tena tangu utotoni, kinga yake inachoka na kirusi kinapata nafasi katika zile chembe nyeupe. Kwa hiyo ramani ya Burkitt ilikuwa kweli, ila maelezo yake yalihitaji watu wengine kuyanyoosha.

Dawa, na makapi ya chakula

Kama mpasuaji, Burkitt alijua kisu hakimsaidii mtoto huyu. Kukata taya kulimharibu sura na uvimbe ulirudi. Mashine za tiba ya mionzi Kampala hazikuwepo. Akaanza kujaribu dawa za saratani alizopewa na watafiti wa Marekani waliomtembelea, akiwamo Joseph Burchenal wa New York. Baadhi ya watoto walipewa dozi ndogo tu, na uvimbe ukayeyuka ndani ya siku chache. Wapo waliopona kabisa. Saratani kuponywa kwa dawa peke yake lilikuwa jambo geni wakati huo, na dawa mojawapo ya zile, siklofosfamaidi, bado ni msingi wa matibabu hadi leo. Watoto wa kanda yetu hutibiwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Mzazi ukiona jino limelegea kabla ya wakati na fizi au shavu linajaa, jicho linatokeza, au tumbo linavimba upesi, usisubiri wiki iishe. Mpeleke hospitali ya karibu na uombe achunguzwe, na ukiambiwa rufaa, nenda. Madaktari wanakuta shida zaidi kwa watoto waliozungushwa nyumbani mwezi mzima.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Sehemu ya pili ya maisha yake tutaipita haraka, ingawa ndiyo iliyompa umaarufu kwenye meza za Wazungu. Aliamini magonjwa mengi ya utumbo yaliyowasumbua wao na aliyoyaona mara chache Uganda yanatokana na chakula kilichokobolewa. Alikwenda huku na huko akihimiza watu wale nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga, na kitabu chake cha mwaka 1979 kiliuzwa sana. Wanasayansi wengine walisema amerahisisha mno, na ni kweli alipenda jibu moja kwa maswali mengi. Lakini mtu aliyekulia ugali wa mtama na michembe ya viazi hatashangaa kusikia daktari akivisifu.

Alipewa heshima nyingi, ikiwemo kuingizwa katika Chama cha Kifalme cha wanasayansi wa Uingereza mwaka 1972. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Kuhusu kukiona kirusi, kazi haikuishia kwa Epstein. Hadubini ya elektroni inaonyesha kipande kilichokatwa, kama kuangalia ukurasa mmoja ukadhani umesoma kitabu. Watafiti wametafuta namna ya kuitazama seli nzima, bila kuikata, na moja ya njia ni eksirei. Si ile ya kifuani hospitalini, bali eksirei laini, ambayo hupita kwenye maji na kuzuiwa na vitu vyenye kaboni, yaani mwili wa seli na virusi vilivyomo. Seli inagandishwa haraka, inapigwa picha kutoka pembe nyingi, na kompyuta inaziunganisha kuwa umbo kamili. Tatizo ni kwamba mionzi hiyo ilipatikana kwenye mitambo ya duara mikubwa kama uwanja wa mpira, michache duniani, ambako mtafiti hupanga foleni miezi. Sasa kuna waliofanikiwa kutengeneza hadubini ya eksirei inayoingia ndani ya chumba kimoja cha maabara, na imetumika kuchunguza seli zilizoambukizwa virusi. Walioitengeneza ni kampuni ya SiriusXT, iliyotoka University College Dublin (UCD), katika mji ule ule ambako kijana wa jicho moja aliacha uhandisi akaenda kusomea udaktari.